Kokoto za Uwanja wa Ndege

Nyumba yetu ya Arua ilipakana na uwanja wa ndege. Ndege ndogo ikitua, vumbi jekundu lilitufikia mpaka ndani ya sufuria. Uwanja wenyewe ulikuwa ukanda wa changarawe uliofyekwa katikati ya nyasi, na kibanda kimoja cha bati ambacho mlango wake uliibwa wakati wa vita. Mbuzi wa mtaa mzima walilisha pale. Siku ndege ilipotarajiwa, mlinzi alipuliza filimbi, na kila mwenye mbuzi akakimbia kumfuata wake.

Tulikuwa wanawake wawili katika nyumba ile, mimi na wifi yangu. Mume wangu alikuwa askari wa serikali iliyoanguka mwaka wa sabini na tisa, mtu wa Koboko, na kama wenzake wengi alivuka mpaka akaingia Kongo. Sisi tulimfuata kwa miguu. Mimi nilibeba godoro na mtoto. Wifi, dada yake, alibeba kichwa cha cherehani juu ya kichwa chake mwenyewe, na kila aliyetukuta njiani alimwambia atupe chuma kile, kitamuua. Hakukitupa. Kule Kongo mume wangu akafa kwa homa, na cherehani ile ndiyo iliyotulisha miaka yote ya ukimbizi. Tuliporudi, wifi angeweza kwenda kwa ndugu zake Koboko. Badala yake alisema, “Wewe ni mwalimu, unaondoka asubuhi. Nani atakaa na mtoto?” Akafunga cherehani barazani kwangu, akaanza kushona. Yeye Mwislamu, mimi Mkristo, na sikumbuki siku hata moja tuliyogombana kwa ajili ya hilo. Tuligombana juu ya chumvi.

Basi siku moja, mambo yalipokuwa yameanza kutulia, mwenyekiti wa mtaa alipita nyumba kwa nyumba akituita uwanjani. Alikuja mheshimiwa kutoka Kampala. Alikuwa mnene, mwenye sauti nzuri, akavua miwani yake ya jua kabla ya kusema, jambo ambalo watu walilipenda. Alisema serikali imetenga fedha za kujenga uwanja wa ndege wa raia hapa Arua. Uwanja wa kweli, wenye lami, wenye jengo la abiria, wenye taa. Ndege zitatoka hapa mpaka Entebe, mpaka Kinshasa, mpaka Juba. Wafanyabiashara watakuja. Na nyinyi watu wa West Nile, alisema, ambao kila mtu amewasahau, mtakuwa mlango wa nchi.

“Fedha ziko,” alisema. “Lakini serikali inataka kuona moyo wa wananchi. Serikali italeta lami na mashine. Nyinyi leteni mawe.”

Wifi alikuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Alikuwa na sauti kali, ya watu wa Koboko, iliyosikika hata upande wa pili wa uwanja. Wanawake wengine wakamfuata. Mimi nilisimama nimekunja mikono. Njiani kurudi nilimwambia, “Wifi, umesikia neno alilotumia? Kutenga. Fedha zimetengwa. Na sisi tumetengwa tangu zamani.”

Alinicheka. “Wewe mwalimu, unachambua maneno kama majani ya kunde. Mutu amekuja, amesimama mbele yetu, amesema. Nani alikuja mbele yake?”

Kweli, hakuna aliyewahi kuja.

Ikaamriwa kila nyumba iponde kokoto na kuzirundika kando ya uwanja, rundo lifike usawa wa kiuno cha mtu mzima na lipanuke kwa upana wa mlango. Aliyeshindwa atahesabiwa kuwa adui wa maendeleo. Neno hilo, adui, katika miaka ile na katika mkoa ule, halikuwa neno la kuchezea. Sisi ndugu wa askari wa zamani tulijua vizuri linavyoweza kukua.

Mawe Arua hayakosekani. Upande wa juu wa mtaa kulikuwa na mwamba mkubwa mweusi uliochomoza kama mgongo wa kiboko. Wanaume waliwasha moto juu yake kwa magogo na mipira ya magari iliyochakaa, mwamba ukapasuka, wakavunja vipande kwa nyundo kubwa na kutuletea. Baada ya hapo ilikuwa kazi ya wanawake. Unakaa chini, miguu umeinyoosha, unashika jiwe kwa pete iliyokatwa kwenye mpira wa baiskeli ili usijipige vidole, unagonga. Unagonga mpaka jiwe liwe vipande vya ukubwa wa yai la njiwa. Kwa sababu nilikuwa shuleni mchana kutwa, sehemu kubwa ya rundo letu aliiponda wifi. Aliacha nguo za wateja barazani na kwenda. Jioni alirudi mweupe kwa vumbi, mikono imechanika, halafu anakaa kwenye cherehani na kulalamika kwamba uzi unanasa kwenye ngozi yake.

“Lami ikija,” alikuwa akisema, “mimi nitaweka duka pale karibu na jengo la abiria. Nitashona kanzu za wanaume na gomesi za wanawake. Mutu akishuka kwenye ndege bila nguo nzuri, atapata kwangu.”

Alikuwa ameshachagua hata mahali. Jumapili moja, nilipotoka kanisani, alinipeleka akanionyesha: hapa mlango, hapa meza ya kukatia vitambaa, hapa kioo. Pale alipoonyesha kioo palikuwa na mbuzi amelala.

Miezi ikapita. Marundo yalisimama kando ya uwanja, yamepangana kama makaburi, na nyasi zikaanza kuota juu ya yale ya kwanza. Ndipo habari ikaja kwamba mheshimiwa anarudi na ujumbe wa wakubwa kuja kutazama mawe kabla fedha hazijatolewa. Mwenyekiti akachanganyikiwa. Alipita akipima marundo kwa macho, akasema ni madogo, yataleta aibu, wageni watasema watu wa Arua ni wavivu. Kila nyumba iongeze. Hata usiku wa manane angetuamsha, kama angeweza.

Siku moja kabla ya wageni kufika, wanawake walikuwa wamebanana pale kwenye mwamba, bega kwa bega, kila mmoja akigonga haraka kuliko kawaida. Jiwe ambalo mmoja wao alikuwa akiligonga lilitoa kipande kidogo chembamba. Kikaingia katika jicho la kulia la wifi yangu.

Nilikuta wamemlaza barazani. Hakulia. Alikuwa ameshika kitambaa usoni, na damu ilikuwa imeteremka mpaka kwenye shingo. “Iko ndani,” aliniambia. “Nasikia iko ndani. Usinishike.” Jirani yetu alikuwa na baiskeli yenye kibao imara nyuma. Tukamkalisha, jirani akaisukuma, mimi nikamshika mgongo, na kwa namna hiyo tukaenda mpaka hospitali ya misheni kule Kuluva. Kila shimo la barabara alilisikia jichoni.

Daktari alikuwa mtu mpole, mchovu. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akanivuta kando.

“Mwalimu, mimi si mtaalamu wa macho,” alisema. “Hapa naweza kusafisha na kufunga tu. Jiwe limepenya. Akifika Kampala upesi, huenda jicho likaokoka. Akikawia, watalitoa, na wasipolitoa linaweza kuharibu na lile lingine.”

“Upesi ni lini?”

“Leo ingekuwa vizuri. Kesho ni sawa. Baada ya hapo sitaki kukudanganya.”

Wakati ule mabasi yalikuwa yamesimama. Njia ya Kampala, baada ya kuvuka daraja la Nile, ilikuwa na watu wenye bunduki, na basi la mwisho kujaribu lilikuwa limerudi na matundu. Daktari alilijua hilo na mimi nililijua. Halafu nikakumbuka kwamba kesho ndege inakuja.

Nitasema ukweli, usiku ule nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mheshimiwa. Niliona kwamba ujumbe umeletwa kwa ajili yetu. Nilimfulia wifi gomesi lake zuri, nikalikausha juu ya jiko.

Asubuhi tulikuwa uwanjani mapema kuliko wanawake wa kwaya. Wifi alikuwa na bandeji iliyofunika nusu ya uso, na homa imeanza. Ndege ikatua, vumbi likapanda, watu wakashangilia. Wakubwa wakashuka, wachache tu. Nilitazama madirishani nikaona viti vimebaki. Wakatembea kando ya marundo. Mheshimiwa alichukua kokoto moja, akaigeuza kiganjani, akawaonyesha wenzake kama mtu anayenunua viazi. Walipiga picha. Mwenyekiti alikuwa akitokwa jasho kwa furaha.

Walipomaliza hotuba nilimshika wifi mkono tukasogea. Mwenyekiti alituzuia kwa kifua chake.

“Mwalimu, siyo leo. Utaharibu siku.”

“Mtu ameumia kwenye mawe yako,” nilisema. “Niache nipite.”

Mheshimiwa mwenyewe alisikia, akageuka. Akauliza kuna nini. Nikaeleza: kazi ya mawe, jicho, daktari wa Kuluva, barabara imefungwa. Nikasema, “Mheshimiwa, tunaomba kiti kimoja tu. Mimi sitakwenda. Yeye peke yake, na huko kuna mpwa wake atampokea.”

Alivua miwani yake ya jua. Alimtazama wifi kwa huruma, na mpaka leo naamini huruma ile ilikuwa ya kweli, na hiyo ndiyo inayonichoma zaidi. Akageukia umati, akapaza sauti.

“Mmemwona mama huyu? Hii ndiyo sababu serikali inajenga uwanja huu! Ili mgonjwa kama huyu asiteseke. Ili siku moja apande ndege hapa hapa afike hospitali kwa saa moja!”

Watu wakapiga makofi. Wifi naye, maskini, akainua mkono kuwapungia.

“Na leo, mheshimiwa?” niliuliza.

Akanijibu kwa sauti ya chini, sauti ya mtu na mtu. “Mama, leo ndege hii ni ya ujumbe. Kuna taratibu, kuna uzito. Rubani hawezi. Mpelekeni kwa basi, na mkifika Kampala mje ofisini kwangu.”

Kisha zawadi zikaanza kupakiwa. Mtaa ulikuwa umechanga kwa ajili ya wageni, kama desturi inavyotaka. Madumu ya asali. Simsim katika mifuko. Kuku waliofungwa miguu. Mbuzi mmoja, mnene, alibebwa na vijana wawili akaingizwa kwa mlango wa nyuma huku akipiga kelele. Nilimwona kijana mmoja akifunga mkanda wa kiti juu ya dumu la asali lisije likaanguka. Sisemi hadithi hapa. Nilisimama nikiwa nimemshika mgonjwa mkono, nikamwona akiufunga mkanda ule, akiuvuta ili ukaze.

Ndege ikaondoka. Vumbi likatufunika. Wifi aliniuliza, “Wamesema nini mwishoni? Sikusikia.” Nikamwambia wamesema twende kwa basi.

Basi lilipopatikana, juma lilikuwa limekatika. Tulisafiri na askari juu ya paa. Hospitali ya Mulago, Kampala, walimtoa jicho siku ya pili baada ya kufika, na daktari wa pale akatugombeza kwa kuchelewa. Alitugombeza kama watu waliokaa nyumbani wakinywa chai. Siku wifi alipopata nafuu nilikwenda ofisini kwa mheshimiwa. Nilikaa kwenye benchi kutoka asubuhi mpaka wafagiaji walipokuja. Alikuwa safarini, wakasema. Nilirudi kesho yake. Alikuwa bado safarini.

Tuliporudi Arua alijaribu kushona. Jicho lililobaki lilichoka upesi, lilitoa machozi, mstari ukaenda upande. Mteja wa kwanza alipokea nguo yake bila kusema neno. Wa pili alisema. Baada ya hapo wifi akafunika cherehani kwa khanga, na barazani pakawa na kimya ambacho mimi, niliyezoea sauti ile tangu Kongo, nilishindwa kukizoea.

Habari ya fedha tuliisikia redioni. Tulikuwa tunakula. Msomaji alisoma kwa Kiingereza kwamba ujenzi wa uwanja wa Arua umeahirishwa, na fedha zimeelekezwa kwenye mahitaji mengine ya dharura ya taifa. Sentensi moja, halafu akaenda kwenye bei ya kahawa. Wifi hakujua Kiingereza. Aliona uso wangu.

“Wametaja Arua. Wamesema nini?”

Nikamfasiria. Aliendelea kumega ugali wa muhogo, akachovya, akatafuna, akameza.

“Na mawe?” akauliza.

“Hawakutaja mawe.”

Mawe yalipata wenyewe baadaye. Malori yalikuja mchana, hadharani, na watu wenye makoleo wakaanza kupakia rundo baada ya rundo. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Kijana aliyesimamia kazi alisema yanakwenda kujengea nyumba ya wageni ya mkubwa mmoja kule kilimani. Mkubwa gani? Hakuwa tayari kusema. “Mimi ni mtu wa kazi tu, mama. Nimetumwa.” Pamoja nao alikuwepo askari mmoja, mdogo wa umri, bunduki imening'inia begani.

Nilikuwa nimetoka shuleni kwa chakula cha mchana. Nilimtafuta wifi nyumbani nikamkosa. Nilipofika uwanjani nilimkuta ameketi juu ya rundo letu, miguu ameikunja, gomesi ameliweka vizuri, kama mtu aliyealikwa arusi akakaribishwa kiti.

Askari alimwendea. “Mama, toka hapo.”

“Hii ni yangu.”

“Hii ni mali ya serikali. Iko na jina yako?”

“Jicho yangu iko hapa ndani,” wifi alisema. “Tafuta kwanza. Ukipata, nipe. Halafu chukua mawe.”

Askari alianza kucheka, kisha akaiona ile kope iliyolala, tupu, akaacha. Wenye makoleo nao wakasimama. Nilidhani atampiga. Badala yake alimtazama msimamizi, msimamizi akatazama saa yake, na lori likasogea kwenye rundo la jirani. Siku ile waliondoka bila kugusa la kwetu. Wanawake walimzunguka wifi wakamsifu. Mmoja hata alitaka kumbeba.

Ijumaa, alipokwenda kuswali na mimi nikiwa darasani, wakaja wakalichukua.

Alilia siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Hakulia kaka yake alipokufa mikononi mwake kule Kongo. Alikaa kwenye kizingiti akalia kwa sauti, mpaka mtoto wangu akatoka nje akaenda kwa majirani. Nilimwambia lile ambalo kila mtu angesema, kwamba Mungu amewaona.

“Mimi siyo nalilia jicho,” alisema. “Jicho imeenda, basi. Nalilia ile vigelegele nilipiga. Ungenishika mudomo siku ile. Kwa nini hukunishika?”

Mwezi haukuisha akaenda kwa ndugu zake Dranya, kule Koboko. Alisema mji unamchosha. Walimpa kipande cha shamba, akalima muhogo na simsim, na nilipomtembelea nilimkuta mweusi kwa jua, mwenye nguvu, mkali kwa watoto wa kaka zake. Cherehani alimwachia binti mmoja wa kule aliyetaka kujifunza. Hatukuzungumza tena habari ya uwanja. Mara moja tu ndege ilipita juu tukiwa shambani, na watoto wakaikimbilia wakipiga kelele. Yeye aliendelea kupalilia. Alifariki kabla miaka ya tisini haijaisha, kwa ugonjwa mwingine kabisa, na nilifika kumzika kwa baiskeli kutoka Koboko mjini, kwa sababu mvua ilikuwa imekata njia ya magari.

Uwanja ulibaki changarawe. Mbuzi walirudi. Kilimani ile nyumba ya wageni ilijengwa, ina vyumba vingi, na baraza lake limesakafiwa vizuri. Sijawahi kuingia.

Baadaye, nilipokuwa karibu kustaafu, mwenyekiti alipiga hodi kwangu. Alikuwa yule yule, amezeeka, meno ya mbele yameng'oka. Alisema fedha za uwanja zimepatikana upya, safari hii ni hakika, kuna wageni wanakuja kukagua, na kila nyumba itoe mtu wa kufyeka nyasi.

“Kwangu hatoki mtu,” nilisema.

“Mwalimu, unapinga maendeleo?”

“Napinga. Nenda ukaseme kwamba nimepinga.”

Nilitegemea anitishe. Badala yake aliketi kwenye ngazi yangu, akaomba maji. Nikampa. Akanywa yote, akashika kikombe kwa mikono miwili.

“Waliniambia nitakuwa msimamizi wa ule uwanja,” alisema. “Na kofia. Walisema nitapewa kofia. Mimi pia mawe yangu walichukua, mwalimu. Iliniuma.”

“Sasa kwa nini umekuja kwangu?”

“Nisipokuja mimi, atakuja mwingine.”

Akanirudishia kikombe, akashukuru, akaondoka akichechemea. Nyumba iliyofuata ilikuwa ya kijana mmoja aliyehamia mtaani na mke wake majuzi tu, watu wazuri, wachapakazi. Kupitia ua wa matete nilimsikia mwenyekiti akipiga hodi kwa sauti ya uchangamfu ambayo kwangu hakuitumia. Nilimsikia akieleza habari ya lami, na taa, na jengo la abiria. Yule mke mdogo akauliza kama ni kweli ndege zitafika mpaka Kinshasa. Mume wake akacheka kwa furaha, na muda si mrefu nikasikia ananoa fyekeo kwenye jiwe.